Wapigapicha wa visiwani, tuache kuuza "haki zote"

Leo nataka kuzungumza na wapigapicha, hasa vijana wenzangu tunaofanyia majarida kazi za kujitegemea, wale wa kupigiwa simu Jumatatu usiku na kuambiwa "Jumatano tunakuhitaji Unguja". Lakini hata kama hujawahi kushika kamera zaidi ya ile ya kwenye simu yako, soma tu. Mbele ya safari utaona na wewe umo.

Hoja yangu ni moja, naitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nayo: mpigapicha anayesaini mkataba wa "haki zote" kwa malipo ya siku tatu anauza vitu viwili. Cha kwanza ni chake, na anakiuza kwa bei ya kutupa. Cha pili si chake, na hakuna aliyempa akiuze.

Tuanze na kazi yenyewe, maana watu wengi wanadhani ni starehe. Ukisema unakwenda Zanzibar kikazi kila mtu anakuonea wivu: "Mwenzetu unakula bata!" Bata gani? Begi lina kilo kumi na tano za vifaa, boti inayumba, hewa ya chumvi inaanza kula lenzi hata kabla hujafika Malindi. Ukifika unakuta ratiba ya mhariri na ratiba ya bahari hazielewani, na bahari haina mhariri.

Chukua mfano wa mwani. Ni picha inayoombwa na majarida pengine kuliko zote: akina mama wa Paje, Jambiani au Bwejuu wamejitanda kanga na leso, wako ndani ya maji ya kijani, wanafunga mbegu kwenye kamba. Kilimo hiki kilishika kasi pwani ya mashariki ya Unguja kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mhariri aliyeko Nairobi, Johannesburg au London anakuandikia: "Tunataka mwanga wa jua linalozama." Sawa bwana. Lakini mwani hufanyiwa kazi maji yanapokupwa sana, yaani siku za bamvua, na siku za bamvua pwani yetu maji hukauka katikati ya asubuhi, mnamo saa nne au saa tano, jua likiwa kali na kivuli cha mtu kimelala chini ya miguu yake. Jua likizama siku hizo, shamba kwa kawaida limeshafunikwa na maji tena au maji bado yanatoka. Siku za maji mafu nako bahari haiendi mbali. Kwa hiyo ukiona jaridani picha ya mkulima wa mwani kwenye machweo ya dhahabu, uliza: alikuwa kazini huyu, au aliombwa asimame pale?

Nimetaja hilo kwa sababu. Kujua bamvua na maji mafu ni mtaji. Kujua kwamba kusi ikivuma, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, bahari ya mashariki huchafuka, na kwamba kaskazi ya Desemba hadi Machi ina mwanga wa namna nyingine. Kujua kwamba ukitaka papa potwe unakwenda Mafia, Kilindoni, kati ya Oktoba na Machi, na si Agosti wakati watalii wamejaa. Kujua kwamba karafuu hazipigwi picha Mjini Magharibi bali Pemba, tena wakati wa mavuno, zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara. Kujua kwamba drone inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwamba anayeirusha kwa ubishi anatafuta matatizo. Kujua kwamba unapoingia kijijini unaanza kwa sheha, unatoa shikamoo, unakaa, unasema umekuja kufanya nini, na kamera inabaki ndani ya begi mpaka uambiwe karibu.

Nani mwenye mtaji huu? Ni sisi. Na tunaitwaje? Tunaitwa "fiksa".

Haya, tusimame hapo kidogo. Jarida la nje likituma mpigapicha wake, mwenyeji anayempangia kila kitu, anayemtafsiria, anayemwambia simama hapa, jua litatokea pale, na mara nyingine anayebonyeza kamera ya pili, huitwa fiksa. Kiswahili cha mtaani kina neno lake, fiksi, na sote tunajua fiksi ni uongo. Uongo wenyewe ni huu: kwamba aliyeona ni mmoja, na mwingine alikuwa deiwaka tu wa kubeba mabegi. Sidharau kazi ya kuongoza wageni, ni kazi halali na ina heshima yake. Ninachokataa ni mtu kupiga picha, picha ikachapishwa, na jina lake lisionekane popote kwa sababu kwenye ankara aliandikwa kama mwongozaji.

Sasa tufike kwenye mkataba wenyewe. Tuseme unalipwa laki tatu kwa siku, siku tatu, laki tisa. Toa boti, toa daladala au gari ya kukodi, toa kulala, toa betri iliyokufa na kichujio kilichopasuka. Kilichobaki ni chako. Halafu ukurasa wa nne, kwa herufi za kuhitaji miwani, unakuta sentensi inayosema picha zote ulizopiga, zilizotumika na zisizotumika, zinakuwa mali ya mchapishaji milele, duniani kote, kwa matumizi yoyote, kwa njia zilizopo na zitakazogunduliwa. Siku hizi mikataba mingine imeongeza kwamba picha zinaweza pia kutumika kufundishia programu za akili bandia. Yaani picha zako zitafundisha mashine itakayokunyima kazi kesho, na umeilipia karo wewe mwenyewe!

Watu wengi wanasaini wakidhani ndivyo sheria ilivyo. Sivyo. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotambua picha kuwa kazi ya ubunifu kama ulivyo wimbo au kitabu. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA. Wengi wetu wa Dar hatulijui hilo, tunadhani COSOTA inafika hadi Forodhani. Kenya, kwa wale wa Lamu, kuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Tanzania imo ndani ya Mkataba wa Berne tangu 1994, na chini ya mkataba huo haki yako haisubiri muhuri wa ofisi yoyote. Inazaliwa na picha. Anayekuomba uisaini iende anakuomba kitu chenye thamani. Kama hakina thamani, mbona anakiomba?

Thamani yake tunaiona hapa hapa visiwani. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua studio yake Mji Mkongwe, Capital Art Studio, na baadaye mwanawe Rohit akairithi. Picha nyingi za Unguja ya zamani ambazo watu wanazining'iniza leo ukutani, za enzi za Masultani na za baada ya Mapinduzi ya 1964, zimetoka katika sanduku za studio ile. Familia ile haikugawa negativu zake kwa kila aliyeomba. Iliziweka. Picha iliyopigwa kwa shilingi chache miaka ya 1950 iliendelea kuuzwa miongo mingi baadaye, kwa watalii, kwa watafiti, kwa wajukuu wanaomtafuta babu yao.

Au mwangalie Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi aliyeanzisha Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa bado kijana mdogo kabisa. Picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 ziliitikisa dunia. Alifariki Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini kando ya Ngazija, Komoro. Lakini hazina yake ya picha haikuzama naye. Kwa kuwa zilikuwa chini ya kampuni yake, mwanawe Salim aliweza kuziendeleza. Sasa niambie: mpigapicha wa leo aliyesaini "haki zote" mara arobaini atamwachia nini mtoto wake? Atamwachia nakala za majarida, basi.

Hicho ndicho kitu cha kwanza, kile kilicho chako. Ukiniambia "ni changu, nakiuza nipendavyo", sina la kukujibu zaidi ya kukuonea huruma. Lakini kuna cha pili.

Mama mmoja wa Jambiani, mtu mzima wa umri wa bibi yangu, aliniuliza swali ambalo bado linanizunguka kichwani. Nilikuwa nimeshamaliza salamu, nimeeleza jarida ni lipi na habari inahusu nini: bei ya mwani, joto la maji na mbegu ya cottonii inayokufa. Alinikubalia. Kisha akasema, "Mwanangu, nyinyi mwaja kila mwaka, twapigwa picha. Hizo picha huwa zaenda wapi?" 

Zinaenda wapi? Nilimjibu kwa kadiri ya mkataba niliokuwa nao, ambao niliupigania wiki mbili kabla ya kupanda boti: picha itatoka mara moja kwenye jarida na kwenye tovuti yao, pamoja na habari yenyewe, basi. Niliweza kumjibu kwa sababu mkataba ulikuwa na jibu. Kama ningekuwa nimesaini "kwa matumizi yoyote", jibu la kweli lingekuwa: "Bibi, sijui. Wanaweza kukuweka kwenye tangazo la hoteli. Wanaweza kukuweka kwenye sabuni." 

Si mambo ya kubuni. Rafiki yangu mmoja alipiga picha ya wanawake wakiwa kazini baharini kwa ajili ya makala. Baadaye aliikuta picha ile ile kwenye kipeperushi cha kutangaza nyumba za likizo, chini ya maneno ya kumkaribisha mgeni "apumzike kama wenyeji". Kupumzika! Watu wamesimama kwenye maji ya chumvi tangu asubuhi, migongo imepinda, wameitwa mfano wa mapumziko. Alipolalamika aliambiwa asome ukurasa wa nne. Na wale wanawake? Wao hawakuwa na ukurasa wa nne wala wa kwanza. Walimkubalia mtu aliyewaambia anaandika habari ya mwani.

Mnaona sasa? Ruhusa ya kupigwa picha kwa ajili ya habari si ruhusa ya kutumiwa kwenye tangazo. Kila mtu wa fani anajua tofauti hii. Picha ya habari inaambatana na habari, ila picha ya biashara inahitaji mhusika akubali kwa maandishi na kwa kawaida alipwe. "Haki zote" inafuta mpaka huo kimya kimya. Unapoisaini, unauza idhini ya bibi yule, na yeye hakukupa idhini hiyo uiuze.

Na hili lina historia kwetu. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, studio za Zanzibar kama ile ya A. C. Gomes zilitoa picha na kadi za posta zilizosafiri hadi Ulaya. Nyingi zipo mpaka leo kwenye makavazi ya huko. Zitazame siku moja. Utamwona dada amevaa leso, amesuka, anakutazama moja kwa moja, na chini yake pameandikwa tu kwamba ni "mwanamke wa Kiswahili". Hana jina, hana mtaa, hana baba. Tunakasirika tukiziona, tunaandika makala kuhusu ukoloni. Kisha tunapanda boti, tunampiga picha mvuvi wa Nungwi na tunaandika maelezo: "Mvuvi akiwa ndani ya ngalawa, Zanzibar." Tofauti iko wapi? Mpigapicha anayelia kwamba jina lake halikuandikwa chini ya picha, huku naye hakuandika la mtu aliyemo ndani ya picha, analilia haki yake peke yake.

Najua mtakayonijibu. Nimeyasikia vijiweni.

La kwanza: "Ukikataa wewe, mwenzio atakubali." Kweli. Ndiyo maana naandika hapa hadharani na simnong'onezi mtu mmoja. Bei ya soko inapangwa na wanaokubali. Tukiwa kumi tunaosema "nauza matumizi ya mara moja", mhariri atazoea. Wahariri si maadui, wengi hutumiwa mkataba ulioandikwa na mwanasheria na wanausukuma kwetu bila kuusoma. Mara kadhaa nimefuta kifungu kwa kalamu, nikaandika changu juu yake, nikarudisha, na kazi ikaendelea kama kawaida. Na mara moja nilikataliwa, nikaikosa safari ya Pemba. Iliuma, sitadanganya. Kodi ya nyumba haijui kanuni. Lakini ningeikosa tena.

La pili: "Majarida yetu ya nyumbani hayana pesa." Pia kweli. Hoja yangu lakini si kwamba walipe zaidi. Kama huna pesa nyingi, nunua kidogo! Mtu mwenye elfu mbili dukani hapewi gunia, anapimiwa kibaba. Jarida dogo lichukue matumizi ya mara moja kwa bei yake ndogo, nami nibaki na picha nitakayoiuza tena kwingine. Hakuna aliyeibiwa hapo.

La tatu: "Utapata jina." Jina linaliwa na ugali? Na kama jina ndilo malipo, basi liandikwe kwa herufi zinazosomeka, chini ya picha, si kwenye ukurasa wa mwisho karibu na anwani ya kiwanda cha uchapaji.

La nne ndilo zito: "Ukianza kuwalipa watu unaowapiga picha, umeua uandishi wa habari." Nakubali. Habari hainunuliwi, ukimlipa mtu akupe habari atakupa unayoitaka. Lakini mimi sijasema tuwalipe kwa habari. Nimesema picha yao isivuke mpaka kwenda kwenye tangazo bila wao, na ikivuka, walipwe kama mtu mwingine yeyote wa kwenye tangazo. Na kuna deni jingine lisilohitaji sera: rudisha picha. Ichapishe, mpe mtu anayekwenda Jambiani, au mtumie mjukuu wake kwa WhatsApp. Inagharimu nini?

Kuna sababu nyingine inayofanya haya yawe ya haraka kuliko zamani. Leo kompyuta inatengeneza jahazi na machweo kwa sekunde chache, bila boti, bila chumvi, bila sheha. Picha ya "Zanzibar nzuri" isiyo na mtu wala habari imekwisha thamani, au iko njiani. Ambacho mashine haina ni hiki: huyu ni nani, alikuwa wapi, siku gani, maji yalikuwaje, alisema nini, alikubali nini. Mpigapicha atakayebaki na kazi visiwani ni yule ambaye picha yake ina majibu hayo na ana haki ya kuyalinda. Aliyezoea kupiga machweo bila majina na kuuza yote atashindana na mashine isiyokula wala kulala.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, kabla ya kupanda boti ijayo, soma ukurasa wa nne. Uliza: inatumika wapi, kwa muda gani, mara ngapi? Futa "matumizi yoyote", andika "kwa makala haya tu". Futa na hicho cha akili bandia. Dai jina lako chini ya picha. Hifadhi faili zako asili sehemu mbili, jina lako na la mahali likiwa limeandikwa ndani ya faili lenyewe. Daftari lako liwe na jina la kila mtu uliyempiga, kama ameridhia liandikwe, na ulichomwambia siku ile. Kisha nenda kafanye kazi, saa nne asubuhi, juani, wakati mwani unafanyiwa kazi kweli.

Na wewe ambaye si mpigapicha, nilisema utajikuta umo. Ukifungua jarida au simu ukaona sura ya mtu kutoka visiwani, tafuta majina mawili: la aliyepiga na la aliyepigwa. Ukikosa yote mawili, waandikie waliochapisha uwaulize. Wahariri husikiliza wasomaji kuliko wanavyotusikiliza sisi.

Ni hayo kwa leo. Anayepinga apinge, mlango uko wazi.